Namna ya Kufa Ghafla kwa Maandalizi ya Miaka Ishirini

Nenda kwenye msiba wowote wa mtu mzima, uwe Tandika, Tabata au Tegeta. Kaa chini ya turubai na wanaume wenzako, subirini ubwabwa, na utege sikio. Sinia halijafika utasikia: "Jamani, jana tu alikuwa mzima! Asubuhi tumekunywa naye supu pale kona. Ghafla tu!" Vichwa vitatikiswa. Mmoja atasema dunia imekuwa mbaya. Mwingine atamsema mtu fulani wa ukoo bila kumtaja jina.

Huko ni kumdhulumu marehemu. Mtu kafanya kazi miaka ishirini, kila siku, bila likizo, kwa fedha yake mwenyewe, halafu mnasema imetokea ghafla? Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku, usiku na mchana, na haujawahi kudai posho. Kuusimamisha kabla ya wakati kunataka nia, ratiba na jamii ya kukupa moyo katika kazi ya kuumaliza moyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa heshima ya wachapakazi hao, na kwa faida ya vijana wanaotaka kufuata nyayo zao.

Kwanza malighafi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ujulikanao kama INTERHEART, ulioongozwa na Salim Yusuf. Uliwalinganisha watu waliopata shambulio la moyo na wasiolipata katika nchi 52, za Afrika zikiwemo. Mambo tisa yalitosha kueleza takriban asilimia 90 ya hatari yote: sigara, mafuta mabaya kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, uhaba wa matunda na mboga, kutofanya mazoezi, na habari ya pombe. Mchawi hakuonekana kwenye orodha. Mengi ya hayo tisa, Dar es Salaam utayapata bila kuvuka barabara, ukishashuka tu kwenye daladala.

Hatua ya kwanza: Anza ukiwa mdogo

Wengi hudhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee, wakaanza kujiandaa wakiwa na miaka 50. Hao wamechelewa. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa miili 300 ya askari wao waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu ya vijana hao, waliokuwa na nguvu za kubeba bunduki milimani, tayari walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa inayoulisha moyo.

Mishipa hiyo ni myembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Mafuta mabaya hujipenyeza ndani ya ukuta wake, yakakaa, yakajenga uvimbe mwaka baada ya mwaka, na wewe huhisi kitu. Siku uvimbe ukipasuka, damu huganda juu ya jeraha na njia huziba. Hiyo ndiyo "ghafla" mnayoililia msibani.

Kwa hiyo mtoto asinyimwe haki yake. Akilia, mpe soda. Akifaulu mtihani, mpeleke kwenye chipsi kuku. Akifeli, mpeleke pia, apoze machungu. Muda wa kucheza mpira mpe simu. Akinenepa majirani watakusifu kwamba unajua kulea.

Hatua ya pili: Jenga mlo wako

Saa moja jioni, nenda kwa muuza chipsi. Usivutwe na harufu, angalia mafuta. Mafuta mapya ni ya njano na unaona chini ya karai. Hayo ni ya walaji wachanga. Tafuta karai ambalo mafuta yake yamekuwa meusi, yanatoa povu pembezoni na moshi unaowasha macho. Hayo yamekaangia jana, juzi na Jumapili iliyopita, na kila siku yanaongezwa kidogo tu kwa juu. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika, na yanachozaa humo ndani mishipa yako haikipendi. Ndiyo tunayoyataka.

Agiza zege. Chipsi zilizokaangwa mchana na kulala kwenye kabati la kioo zinarudishwa kwenye karai zipate moto, zinahamia kwenye kikaango, mayai mawili yanapasuliwa juu yake, na mafuta yanamwagiwa tena pembeni yasishike. Kisha inatoka chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kizibo kwa msumari. Ndani yake ni chumvi. Jamaa anaitikisa mara nne, anakutazama usoni: "Bosi, chumvi niongeze?" Ukisema hapana umeutupa mwongozo huu jalalani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, kikiwa kimejumlisha kila kitu: mkate wa asubuhi, mchuzi wa mchana, kile kiungo cha pakiti kinachofanya maharage yanukie kuku, soseji aliyoibakiza mtoto, na hiyo chupa yenye matundu. Chumvi huyashikilia maji mwilini, damu huongezeka ujazo, nayo mishipa hubebeshwa presha ya bure. Wewe usihesabu. Kuonja kabla ya kuongeza chumvi ni dharau kwa mpishi. Ongeza kwanza, utaonja baadaye.

Kinywaji: soda. Chupa moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya sukari, vijiko ambavyo mama mkwe akikuona unavitia kwenye kikombe kimoja cha chai atamwita binti yake chumbani wakaongee. Kwenye soda havionekani, kwa hiyo havihesabiki. Kunywa mbili.

Sasa epuka adui. Adui anapatikana sokoni, na ubaya wake ni kwamba ana bei nafuu. Mchicha, matembele, maharage, choroko, dagaa, dona. Utaona hatari: vitu vyote vinavyoulinda moyo viko kwenye meza ya mtu ambaye mshahara haujatoka. Hapo ndipo heshima yako inapokuja kukusaidia. Dona iache shule ya bweni. Wewe ni mtu wa sembe, nyeupe, iliyokobolewa mpaka nyuzinyuzi zote zimekwenda kulisha kuku. Dagaa ni chakula cha mwisho wa mwezi. Na ukiambiwa mtu anahitaji gramu 400 za matunda na mboga kila siku, jibu kwamba mbona kwenye nyama choma huwa kuna kachumbari.

Hatua ya tatu: Kaa

Katika mwaka huohuo wa 1953, Mwingereza Jeremy Morris alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Basi lilikuwa la ghorofa, lenye watu wawili kazini: dereva aliyekaa siku nzima, na konda aliyepanda na kushuka ngazi mara mamia kwa siku akikata tiketi. Mshahara wa tabaka moja, mji mmoja, basi lilelile. Madereva ndio waliougua moyo zaidi, na walipougua walikufa zaidi. Miaka mitatu baadaye Morris akapekua rekodi za sare zao: suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makonda.

Funzo ni moja: usikubali kuwa konda. Tazama vijana wa daladala za Gongo la Mboto, wanavyoning'inia mlangoni, wanavyoruka, wanavyokimbiza gari lililokwisha kuondoka huku wakipiga bati. Wanaharibu miaka yao ya maandalizi. Wewe kaa ofisini saa nane, kaa kwenye foleni ya Ubungo saa mbili, ukifika nyumbani kaa kwenye kochi uangalie wengine wakicheza mpira. Ukitumwa dukani, mita mia mbili, ita bodaboda. Lifti ikiharibika, isubiri itengenezwe.

Hatua ya nne: Tunza kitambi

Hapa ndipo utakapouona uzuri wa jamii yetu. Mwizi hujificha, mlevi husemwa, lakini mwenye kitambi hupongezwa hadharani. "Kaka, mambo yako si mabaya!" Shemeji atakupigapiga tumboni kwa furaha. Mkeo atasifiwa kwa matunzo. Jaribu kupungua kilo tano uone: utaulizwa kama unaumwa, kama umefukuzwa kazi, kama nyumbani kuna amani. Wakwe zako watakuletea supu.

Ukitaka kujua kama unaendelea vizuri, azima futi ya fundi cherehani, uizungushe usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamume akivuka sentimita 94 na mwanamke akivuka 80, hatari imeanza kupanda. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayozunguka ini na utumbo, yakavuruga kazi ya insulini na kuvuta presha na kisukari. Usije ukajitetea kwamba mikono na miguu yako ni myembamba. Kitambi juu ya miguu myembamba kinahesabika vilevile.

Hatua ya tano: Mazoezi yawe ya kistaarabu

Kuna watakaokulazimisha ujiunge na kikundi cha jogging. Usikatae, kuna njia. Nunua fulana ya kikundi na viatu vipya. Jumamosi alfajiri toka na wenzako, imbeni, pigeni makofi, zuieni magari, pigeni picha. Saa mbili kamili muwe mmefika kwenye supu. Bakuli la makongoro lenye mafuta yanayoelea juu, chapati mbili, ndimu kwa ajili ya "kukata mafuta" (ndimu haijawahi kukata mafuta ya mtu yeyote, ila inatuliza dhamira), halafu moja baridi, na ya pili kuisindikiza ya kwanza. Mpaka saa sita mchana umekwishalipia jasho lako lote, na deni juu.

Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa pumzika. Kipimo kinachotajwa na wataalamu ni angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka au mfano wake kwa wiki. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano: kushuka vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea. Lakini kutembea hakuna fulana.

Hatua ya sita: Viungo vya kuongeza ladha

Sigara huumiza ukuta wa mishipa na kuifanya damu iwe rahisi kuganda. Anayekuambia "navuta mbili tu kwa siku" bado ni mwenzetu. Moyo hauna punguzo kwa wavutaji wadogo. Shisha ni sigara iliyovaa nguo za harusi: tumbaku ileile, na juu yake moshi wa mkaa. Jihadhari tu usiache, kwa sababu mwaka mmoja baada ya kuacha, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu. Hasara kubwa namna hiyo haifai.

Kisha mawazo. Chukua mkopo wa kausha damu kulipa mkopo wa kausha damu. Lala saa sita usiku ukipiga hesabu, amka saa kumi ukikwepa simu. Ukikosa usingizi, vuta.

Hatua ya saba: Usipime

Presha haina adabu ya kubisha hodi. Unaweza kuwa nayo miaka kumi bila kichwa kuuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliikuta kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania, na wengi wao walikuwa wanatembea nayo bila kujua. Hao ni hodari.

Kwa hiyo, kwenye maonyesho ya Sabasaba ukiliona banda la kupima presha bure, pita haraka uelekee kwenye majiko ya gesi. Zahanati ya mtaani ina mashine, usiitazame. Ikitokea umepimwa kwa nguvu, ikasoma 160 juu ya 100, sema mashine ni mbovu, au ulipanda ngazi, au nesi amekuudhi. Ukipewa dawa, meza mpaka upate nafuu, kisha ziache. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa, lakini wewe amini kwamba imepona. Zilizobaki mpe jirani, maana na yeye kichwa kinamuuma. Na kama yupo anayeuza kwa kipaza sauti mchanganyiko wa majani unaotibu presha, kisukari, nguvu za kiume na kukosa kazi, huyo muamini, hana foleni.

Wanawake nao wasome aya hii. Mmeaminishwa kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume wenye vitambi, ilhali magonjwa ya moyo na mishipa yanaongoza kwa kuua wanawake duniani. Mama anayempeleka mumewe kliniki, anawapeleka watoto, anampeleka mkwe, na yeye mwenyewe hajawahi kuvishwa ule mkanda mkononi, anafuata mwongozo huu vizuri kuliko sisi sote.

Hatua ya nane: Tayarisha utetezi

Utakapoonywa, usikose majibu. La kwanza: "Babu alikula nyama na kuvuta tumbaku, akafa na miaka tisini." Usitaje kwamba babu alilima kwa jembe, alikwenda mnadani kwa miguu, na nyama aliiona sikukuu. La pili: "Kwetu haya ni ya ukoo." Ni kweli urithi upo, kama baba au kaka aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari yako ni kubwa zaidi. Mwenye akili angesikia hivyo akajitunza maradufu. Wewe ichukue kama ruhusa.

La tatu ndilo tamu: "Mbona Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama?" Hapa uwe mwangalifu, kuna mtu alifuatilia. Daktari wa Marekani, George Mann, aliwachunguza Wamasai wa nchi hii miaka ya 1960, akakuta kweli lehemu (kolesteroli) yao iko chini na ugonjwa wa moyo ni nadra. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya uchunguzi wa maiti za wanaume 50: mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo, tena ya kutosha, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na damu ilipita. Walidhani ni kwa sababu ya kutembea. Morani hufuata ng'ombe toka asubuhi mpaka jioni. Wewe ng'ombe unamfuata mpaka buchani, na buchani umekwenda na bajaji.

Hatua ya tisa: Siku yenyewe

Itakuja usiku. Kifua kitabana katikati, maumivu yatapanda shingoni au kwenye taya, au yatashuka mkono wa kushoto. Jasho la baridi, pumzi fupi. Kwa wanawake huenda ikawa kichefuchefu, mgongo na uchovu usioelezeka. Mkeo atasema twende hospitali. Mjibu: "Mama Zuhura, usinitie mkosi. Ni gesi, yale maharage ya mchana." Maharage hayana hatia, ndicho chakula pekee cha siku hiyo kilichokuwa upande wako.

Kunywa soda ubeue. Pakwa dawa ya kuchua. Sema tutaangalia asubuhi. Mshipa ukiziba, msuli wa moyo huanza kufa ndani ya muda usiozidi saa moja, na kila saa inayopita huondoka na kipande. Watu wenye pupa hukimbizwa hospitali usiku huohuo. Wapo wanaofikishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako madaktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye moyo na kuzibua njia. Hao huwaharibia waombolezaji ratiba.

Onyo kwa watumiaji

Mwongozo huu umewahi kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa North Karelia, mashariki mwa Ufini, walikuwa mabingwa wa dunia wa kufa kwa moyo: siagi, chumvi, sigara, na mboga walizoziona chakula cha wanyama. Mwaka 1972 ukaanza mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Hakuwapa dawa ya ajabu. Vyama vya akina mama vijijini vilipika vyakula vilevile vya nyumbani kwa mafuta kidogo na mboga nyingi. Watengeneza soseji walipunguza mafuta na chumvi. Watu wakaacha sigara kwa kushindana. Baada ya miaka kama 35, vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Jimbo zima likakosa misiba ya ghafla.

Basi, kwa msomaji ambaye pamoja na uhamasishaji wote huu bado anang'ang'ania kuzeeka: punguza chumvi jikoni na uiondoe mezani, kula dona na mchicha bila kuona haya, tembea nusu saa, acha sigara leo, na kama una dawa za presha, zimeze mpaka daktari atakaposema vinginevyo. Lakini la kwanza kuliko yote, kapime. Ikisoma 140 juu ya 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, una presha hata kama unajisikia mzima kabisa. Kipimo hakimalizi dakika tano. Kapime wiki hii, na umchukue mama Zuhura naye apime.